Wifi Ndani ya Ukuta

Bi. Zamda alimfungia mlango mjane wa kaka yake mvua ikinyesha, arobaini ya marehemu haijatimia, kisha akaketi dirishani akimenya chungwa na kumtazama anavyolowa. Mvua ile haikuwa ya mchezo. Ilipogonga bati na kuruka, Tarsila Mkude, aliyekuwa ameketi mbele ya ukuta, alihisi ubaridi wake usoni, na harufu ya maganda ya chungwa ikamfikia puani. Akasonya. Akamwita Zamda mchawi, tena kwa sauti. Zamda akageuza shingo polepole kama mtu aliyeitwa, akamtazama moja kwa moja, akatabasamu.

Aliitwa kweli, na alisikia. Huo ndio uliokuwa ukuta-hai.

Miaka hiyo katika jiji la Morogoro, kuanzia maghorofa ya Kihonda hadi nyumba zilizopandishwa kwenye miteremko ya Uluguru, hakuna aliyesema tena "washa televisheni." Ukuta mmoja wa chumba ulipakwa ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na ngozi hiyo ikatoa mwanga, upepo, joto na harufu. Nyuma yake ulipita mkonga, waya wa kijivu mnene kama kidole gumba, uliopanda mgongoni mwa jengo na kuchepuka kuingia kila chumba. Na ndani ya mkonga aliishi Mtunzi. Mtunzi hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyotunga tamthilia kwa ajili ya mtazamaji mmoja tu, palepale mtazamaji huyo akitazama. Kiti kilimpimia mapigo ya moyo, vijicho vya darini vilifuata mboni zake kila zilipotua, na masikio ya mkonga yalisikiliza sebuleni, jikoni na hata bafuni, ili Mtunzi ajue nini kinamwasha mtu huyo na nini kinampoza. Katika jiji zima hapakuwa na watu wawili waliotazama hadithi moja. Kampuni ya Sebule Moja, iliyoutandaza mkonga huo, ilijivunia jambo hilo katika kila tangazo lake.

Tarsila alitoka chumbani moyo ukimdunda, akaenda jikoni kutafuta maji. Akamkuta Kandida.

Kandida alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe Aniseti. Hakuwahi kuolewa, na tangu kaka yake afariki walibaki wao wawili katika nyumba ile ya ghorofani. Walikuwa hawajasemeshana tangu masika. Kila mmoja alipotaka kumwambia mwenzake neno, alimwambia mpishi-chuma, roboti la jikoni lenye mikono minne, nalo likalifikisha kwa adabu iliyozidi kuwaudhi.

"Mwambie huyo," Tarsila alisema, "chungu changu si cha kuchemshia majani yake ya miguu."

"Bi. Tarsila anaomba chungu chake kisitumike kwa dawa," likasema roboti.

"Sikuomba."

Kandida alichukua pakiti ya biskuti iliyoletwa na ndegemzigo asubuhi, akapitisha kidole kwenye mshono wake kuhakikisha haujafunguliwa, akachechemea kurudi chumbani kwake na kutia komeo. Kwa muda mrefu alikuwa hagusi chochote kilichopikwa pale. Alikonda hadi mifupa ya shingo ikajitokeza kama mbavu za mwavuli. Tarsila aliyaona hayo yote, wala hakumwonea huruma. Aliona kiburi. Mtu anayekataa chakula cha nyumba, aliwaza, ana lake moyoni, na mwenye lake moyoni hana tofauti na Zamda.

Haikuwa hivyo zamani, ingawa hata zamani hawakuwa njiwa.

Tarsila alizaliwa Matombo, milimani, na aliipenda televisheni kabla hajajua kusoma. Enzi hizo kijijini palikuwa na moja tu, ndani ya kibanda umiza cha mabati ambamo watu walilipa kutazama, na yeye alikuwa na tundu lake la msumari la kuchungulia ambalo watoto wengine walijua ni lake. Alichapwa kwa maharage yaliyoungua, kwa mbuzi walioingia shamba la watu, na kwa ndoo zilizosahauliwa kisimani, na makosa yote hayo yalikuwa na mzazi mmoja. Aniseti alimpata kwa njia hiyohiyo. Alikuwa kijana wa kibandani aliyepanda juu ya paa kuzungusha antena picha ilipoingia chenga, naye Tarsila ndiye aliyekuwa na koo la kumpigia kelele kutoka chini kwamba hapo hapo, asiguse tena.

Alipoolewa na kuletwa mjini, alikuta nafasi nzuri mbele ya televisheni ya nyumba imekwisha kukaliwa. Kandida alikuwa pale, rimoti ameifunga kwenye pindo la khanga. Waligombana wiki ileile ya harusi. Kandida alitaka tamthilia za mbali zilizotiwa maneno ya Kiswahili, Tarsila alitaka mpira na taarifa ya habari, na Aniseti alikaa katikati yao akila karanga. Lakini ugomvi wa namna ile una utamu wake. Miaka ilipita, ving'amuzi vikaja na kuondoka, na mawifi hao wakawa hawawezi kutazama kitu bila mwenzake kuwepo wa kumpinga. Katika tamthilia kukiwa na mama mkwe katili, mtaa mzima ulimchukia pamoja. Asubuhi kwenye bomba la maji kila mwanamke alikuwa na tusi lake kwa mama mkwe yule, na chuki hiyo, kwa kuwa iligawiwa watu wengi, haikumfikia mtu hata kijiko. Tamthilia ilipoisha, nayo ikaisha.

Halafu Aniseti akafa. Halafu wakaja watu wa Sebule Moja. Waliibeba ile televisheni ya zamani kama upendeleo, wakapaka ukuta mmoja chumbani kwa Tarsila na mwingine chumbani kwa Kandida, wakaunganisha mkonga. Jioni ya kwanza Tarsila alilia kwa furaha. Alidhani amefikia kilele cha yale aliyoyaanza kwenye tundu la msumari.

Siku ya kufumbuka macho ilikuwa mchana tu, wa kawaida, jua kali nje. Tarsila alikuwa akipita ukumbini na kikapu cha karoti za Mgeta aliposikia kikohozi chake mwenyewe. Kilikuwa kile kikohozi chake kikavu cha mara mbili kinachoishia na mguno, ambacho Aniseti alizoea kukitania. Kilitoka chumbani kwa Kandida. Naye Tarsila alikuwa amesimama ukumbini, mdomo umefumbwa.

Kandida siku hiyo alisahau komeo. Tarsila akausukuma mlango.

Ukutani alikuwepo mwanamke aitwaye Bi. Sikitu. Uso haukuwa wa Tarsila. Lakini alikuwa na kikohozi chake, na namna yake ya kupandisha kitenge kwa kiwiko, na lile neno lake la "haya basi, tutaona." Bi. Sikitu alikuwa hospitalini akimchomoa mirija mwanamume mgonjwa mwenye mwanya kama wa Aniseti. Mgonjwa alikuwa akimsihi amwache. Sikitu akamfunika shuka hadi kidevuni ili wauguzi wasisikie, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kumtoa nje, akicheka na bawabu njiani. Picha ikageuka, wakawa nyumbani, na Sikitu akawa anakoroga uji kwa mgongo wa mwiko huku akitia kitu cheupe.

Kandida alikuwa kitini, uso umelowa, hapepesi macho. Midomo yake ilikuwa ikimfuatisha Sikitu neno kwa neno.

Tarsila akauliza kile ni nini. Kandida akageuka, akautazama ukuta, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyeonyeshwa vitu viwili na kuambiwa achague kilicho halisi.

"Nilikuwa nahisi tu," alisema. "Sasa nimeona."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja tangu masika.

Tarsila alirudi chumbani kwake. Ukuta wake ulimhisi ukajiwasha wenyewe. Zamda alikuwa akivuka ua kwa hasira, na safari hii Tarsila hakuketi. Alisimama mlangoni akamtazama kama fundi anayekagua mshono wa mwenzake. Zamda alichechemea mguu wa kushoto, mguu uleule wa Kandida. Alipoanza hakuwa akichechemea, Tarsila alilikumbuka hilo vizuri. Mguu ule ulikuja polepole, na ile sauti ya puani ikaja baadaye, na ile tabia ya kufunga vitu kwenye pindo la khanga ikaja mwisho, na yeye, aliyejidai mtazamaji hodari kuliko wote mtaani, alivimeza vyote hivyo kama mtoto anayelishwa dawa ndani ya asali. Ukuta ulipoona haketi, ukaharakisha. Ukamletea mjane akiwa na kisu, ukamletea mlango wa Zamda ukiwa wazi. Kwa mara ya kwanza maishani, Tarsila aliionea picha kinyaa.

Akaomba akatiwe mkonga.

Sheria ya jiji ilitaka kazi hiyo ifanywe na binadamu, si roboti, na binadamu huyo kwanza ajaribu kumshawishi mteja abaki. Alikuja Injinia Hilda Ndimbo, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu anayelala kidogo. Aliamkia, akaweka sanduku lake la zana chini, akaanza kusoma ushawishi wake kichwani bila kuuamini: kama picha inakwaruza, kama harufu zimezidi, vyote hivyo hurekebishika. Tarsila akamkata kauli. Alisema picha haina kosa. Anachotaka kujua ni nani aliyeiagiza mashine imgombanishe na wifi yake.

Ndimbo akaacha kusoma.

"Hakuna aliyeiagiza, mama. Mtunzi aliagizwa jambo moja: mtazamaji asiinuke kitini. Njia akaachiwa aitafute mwenyewe. Alijaribu mapenzi, akajaribu vichekesho. Lakini mtu akipenda huinuka, akaenda kumtafuta anayempenda. Akicheka huinuka, akaenda kumsimulia mwenzake. Mwenye chuki ndiye anayebaki ameketi."

"Na nyie mnajua."

"Tunajua."

"Na mmeacha hivyohivyo."

Ndimbo alifungua sanduku lake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alisema kwamba watu humwita kila siku kulalamikia mkonga wa mume, mkonga wa mtoto, mkonga wa jirani. Wa kwake mwenyewe hakuna anayeulalamikia. Kama Bi. Tarsila anadhani kampuni ina mabavu, akasimame mtaani awaambie watu wazime kuta zao, aone watakaompiga mawe kama ni wa kampuni.

Tarsila akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, Mtunzi anatoa wapi mambo yake, kwa kuwa yeye hajapata kumtilia mtu sumu.

"Sumu amebuni. Lakini habuni kutoka hewani. Kuna neno ulilisema ndani ya nyumba hii, naye akalisikia."

Tarsila hakuuliza neno gani. Alilijua. Siku ya kumbukumbu ya Aniseti, akiwa peke yake jikoni anamenya mihogo, alijisemea kwamba angemwacha kule hospitali huenda angekuwepo bado. Ni hilo tu. Lilikuwa nusu ya neno, na nusu nyingine ilibaki moyoni ambako mkonga haufiki.

Alimwambia Ndimbo akate. Na wa wifi yake aukate pia. Ndimbo akatikisa kichwa: kila tawi la mkonga lina mwenyewe, na mwenyewe asiporidhia, haligusi. Kandida alipoulizwa kupitia mlango, alijibu kwamba huyo mwanamke ana sababu ya kutaka yeye asione.

Basi ukakatwa wa Tarsila peke yake. Ukuta ulirudi rangi ya majivu.

Hakujua kuishi bila picha. Tangu utotoni hakuwahi kumaliza siku bila kuona watu wanaosogea ndani ya mwanga. Jioni ya kwanza alikaa mbele ya ukuta mtupu kama mgeni aliyekaribishwa kisha akasahauliwa. Mikono ilimwasha. Alimfokea mpishi-chuma bila sababu, akafua mapazia yaliyokuwa safi. Alimtamani hata Zamda, na kutamani huko kulimtia uchungu zaidi. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba ukuta kati ya chumba chake na cha Kandida haukuwa mnene, na sasa kwa kuwa chumba chake kilikuwa kimya, alijisikia mwenyewe. Kila jioni alisikia sauti yake ikimuua mume wake. Leo kwa uji, kesho kwa mto usoni, keshokutwa kwa kumnyima tu maji huku akimwambia haya basi, tutaona. Baada ya hapo alisikia Kandida akilia. Na asubuhi alimwona akipapasa mishono ya biskuti zake, kila siku amepungua.

Hasira yake ikabadilika ikawa hofu. Akaona atakufa huyu, na atakufa akiamini.

Ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Aniseti alipolazwa, madaktari walisema mashine zingeweza kumshikilia majuma kadhaa zaidi. Kandida wakati huo alikuwa amekwenda Matombo kwenye msiba. Aniseti akamwita mkewe, akamwambia timu ya mkoa inacheza fainali Jumamosi, na hataki kuitazama akiwa amefungwa nyaya kati ya watu wanaokoroma. Anataka kiti chake na televisheni yake. Akamkataza asimwambie Kandida, kwa sababu Kandida angekuja na padri na daktari, na mechi ingeanza hakuna anayeisikia. Tarsila alimrudisha. Alikufa kitini, na dada yake alifika kesho yake akakuta maturubai. Miaka yote Tarsila hakusema, kwa kuwa aliahidi, na kwa kuwa hakuona namna ya kumwambia mwanamke yule kwamba kaka yake alichagua afe yeye hayupo.

Sasa aliona ahadi hiyo imekwisha kuoza. Alasiri moja aliingia chumbani kwa Kandida, akasimama kati ya kiti na ukuta, akamwambia yote. Alisema polepole, bila kujitetea. Alisema, "Alitaka mwenyewe, wifi. Aliniomba nimrudishe nyumbani, akanikataza nisikwambie."

Kandida alisikiliza. Taya lililokaza siku zote lililegea kidogo, na kwa kitambo kifupi Tarsila aliona uso anaoujua, uso wa mtu aliyegombea naye rimoti nusu ya maisha.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mgongo wake.

"Alitaka mwenyewe, wifi," Bi. Sikitu alikuwa akisema ukutani, amepiga magoti mbele ya mwanamke mwenye kilemba cheusi. "Aliniomba nimrudishe nyumbani, akanikataza nisikwambie." Akalia kwa kwikwi. Kisha akageuza uso pembeni ambako mwenye kilemba hamwoni, akafuta jicho lililokuwa kavu, akatabasamu.

Kandida akaegemea kiti tena.

"Umeona?" alisema. "Hata yeye kasema hivyohivyo."

Tarsila alielewa kwamba neno lolote atakaloleta mle ndani, hata liwe la kweli kiasi gani, litaliwa na kutemwa likiwa na sumu. Alitoka. Alimwomba mpishi-chuma kisu, likakataa, likisema mapigo yake ya moyo hayafai kwa kisu. Akaenda kibarazani kwenye makopo ya mboga, akachukua mundu wa kukatia matembele, akarudi ukumbini ulikopita mkonga wa Kandida, akaupiga hadi ukatika.

Chumbani Sikitu alinyamazishwa katikati ya neno.

Kandida alitoka kama mtu aliyechomolewa usingizini kwa maji ya moto. Alimrukia. Wakaanguka wote wawili, wazee wale, wakagaragara sakafuni, kilemba huku na kandambili kule, na Kandida akamng'ata Tarsila mkono hadi damu ikatoka. Tarsila alimvuta nywele. Walipiga kelele, wakaangusha kabati la viatu, mpishi-chuma likasimama mlangoni likiwasihi kwa heshima watulie. Ghorofa ile ilikuwa na familia nyingi, na zote zilikuwa nyumbani. Hakuna mlango hata mmoja uliofunguliwa. Walichosikia majirani, kama walisikia, walidhani kinatoka ukutani.

Kandida alimshtaki kwenye baraza la kata.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa zamani ambao sheria ilikataza mkonga kuingia, ili watu wahukumiwe na watu. Mwenyekiti wake, Bwana Lukoa, alikuwa mtu mkavu asiyependa kupotezewa muda. Alimwambia Tarsila mbele ya wote kwamba mundu si chombo cha maelewano na kwamba umri wake ulipaswa kumfundisha. Kisha akampa Kandida nafasi. Kandida alisimama, akiwa mwembamba kama ufito, akasema kukatiwa mkonga ni dogo. Kubwa ni kwamba mwanamke huyu alimuua kaka yake.

Lukoa akauliza ana ushahidi gani. Kandida akasema ameona kwa macho yake. Akaulizwa wapi.

"Ukutani."

Baadhi ya watu walicheka. Wengi hawakucheka. Walitazama chini, kila mmoja akimkwepa yule aliyeketi jirani yake, na Lukoa mwenyewe akachezea pete yake kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwenyekiti.

Tarsila alipopewa zamu hakujitetea kuhusu mundu. Alisimulia tena habari ya hospitali, ya Jumamosi na ya fainali, kwa maneno yaleyale kwa kuwa hakuwa na mengine. Alipomaliza, Kandida hakumtazama. Aliutazama ukuta wa ukumbi, ukuta wa chokaa iliyobanduka, akangoja. Aliungoja kwa muda mrefu, shingo imemkaza. Hakuna aliyetokea pale kuyarudia maneno. Hakuna aliyetabasamu pembeni. Maneno yalibaki yalipoangukia.

Baraza liliamua mkonga wa Kandida urudishwe na Tarsila aombe radhi. Aliomba, kwa meno yaliyofumbwa, mkono wake ukiwa na bandeji. Walirudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara.

Injinia Ndimbo alikuja siku iliyofuata. Hakuamkia kwa uchangamfu, maana hakuwapenda tena hata kidogo. Alipiga magoti ukumbini, akazisafisha ncha mbili za mkonga, akamwita Kandida akae kitini ili ukuta umtambue. Kandida akakaa. Tarsila alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka.

"Alipofumba macho," Kandida alisema, uso wake bado kwenye ukuta wa majivu, "mechi ilikuwa imekwisha?"

Ilimchukua Tarsila kitambo kujua kwamba anaulizwa yeye.

"Bado. Hata mapumziko hayajafika."

"Ukafanya nini?"

"Nikatazama mpaka mwisho."

Kandida akageuka. Macho yake yalikuwa makali kama siku ya kupigana. "Mume amekufa pembeni yako, wewe unatazama mpira?"

"Aliniambia akisinzia nimsimulie. Nilikuwa nimemshika mkono. Sikujua nifanye nini kingine, kwa hiyo nikatazama kila kitu, nisisahau."

Chini kabisa, mtaani, roboti za taka zilisikika zikigonga mapipa.

"Ukamsimulia nani?" Kandida akauliza.

"Hakuna."

Kandida alivuta khanga yake akaifunga upya kifuani, kwa ukali, kama mtu anayejiandaa kwa shughuli asiyoipenda. Akaonyesha kwa kidevu ukingo wa kitanda. Tarsila akaingia, akaketi.

"Mama, niunganishe?" Ndimbo aliuliza kutoka ukumbini, ncha mbili za mkonga zikiwa mikononi mwake.

"Subiri."

"Nisubiri hadi lini?"

"Mpaka amalize kunisimulia," Kandida alisema. "Halafu nitaamua kama ni mwongo."